Gazeti la Bure na Wimbo wa Nehemiya

Bonaventure alipoanza kutangaza kwamba yeye ndiye mwanzilishi wa gazeti la Kitikio, Pascaline alicheka hadi akashika mbavu. Si kwamba jambo lenyewe lilimfurahisha. Alimjua Bonaventure tangu enzi za kwaya ya Kabazana, mtaa mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, alipokuwa akiimba sauti ya tatu, akiingia kabla ya wenzake na kumaliza baada yao, kisha akimkodolea macho jirani yake eti yeye ndiye aliyekosea. Mtu wa namna hiyo, alisema Pascaline, hawezi kuanzisha hata moto wa kuchemshia chai.

Gazeti lilianzishwa na Grégoire. Kila aliyekuwapo Nakivale mwaka wa 2006 analijua hilo, na anayesema halijui anajitia hamnazo tu. Grégoire alikuwa mwalimu wa gitaa kutoka Bukavu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alipowaeleza watu wa mashirika kwamba anataka kutoa gazeti la muziki, tena la bure, walimtazama kwa huruma ile wanayowawekea wagonjwa. Wakamuuliza kwa nini lisiwe gazeti la kunawa mikono. Akawajibu kwa upole kwamba kunawa mikono tumeshafundishwa vya kutosha, tena na watu wengi, lakini hajatokea hata mmoja wa kuuliza kambi hii inaimba nini.

Na kambi inaimba, jamani. Nakivale kila kanisa lina kwaya, na kwaya ikigombana inazaa nyingine, na ile nyingine nayo haichelewi kugombana. Grégoire alikuwa akizunguka kwa miguu Jumapili hadi Jumapili, akisikiliza. Kisha anapanda lori la maziwa hadi mjini Mbarara, na huko pia anasikiliza: bendi za baa, matarumbeta ya wanajeshi wa kikosi cha Makenke, hata wachungaji wa Endiinzi wanaowaimbia ng'ombe wao sifa ambazo wake zao hawajawahi kuzisikia. Yote anayaandika, anakwenda kwenye duka la fotokopi, anabana kurasa kwa pini, anarudi na mzigo wake. Pascaline, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shule, ndiye aliyekuwa akimsaidia kuandika. Alikuwa na sikio zuri na ulimi mbaya, na Grégoire alisema gazeti la muziki linahitaji vyote viwili.

Toleo la kwanza lilizua balaa. Grégoire kwa nia njema kabisa alichapa majina ya waimbaji wa kwaya ya Kabazana, jina baada ya jina, kuwapa heshima yao. Lo, maskini! Karatasi yenye majina kambini ina maana moja tu: hao wanapelekwa Amerika. Kabla jua halijawa kali watu walikuwa wamejaa mlangoni kwake. Wanawake waliuliza kwa nini majina ya waume zao yametoka bila ya watoto. Wazee waliuliza ndege ni ya lini. Alipowaeleza kwamba ni gazeti tu, la nyimbo, hawakumwamini, na wiki ile kwaya ya Kabazana ilipokea wanachama wapya chungu nzima, watu wasioweza kutofautisha wimbo na kikohozi, kila mmoja akisisitiza jina lake liandikwe vizuri. Mmojawapo alikuwa Bonaventure. Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye muziki, na hiyo ni sehemu ya historia ya gazeti ambayo hakuwahi kuiandika.

Wasomaji wakubwa wa Kitikio, tuseme ukweli, walikuwa wauza mandazi. Karatasi ya bure, safi, yenye upana wa kutosha, nani angeiacha? Ungenunua mandazi yako asubuhi pale sokoni ukamkuta mpiga gitaa wa Mbarara amelowa mafuta mpaka kwenye nyusi. Grégoire hakukasirika. Alisema hata mla mandazi husoma akisubiri yapoe. Ila alikuwa na sheria moja aliyoishika kwa ukali: hakuna wimbo utakaochapwa maneno yake mpaka mwenye wimbo akubali kwa kinywa chake, na jina lake litangulie.

Wapo waliokataa, na wa kwanza wao alikuwa Goretti, mama yake Pascaline. Naye ndiye aliyekuwa na wimbo uliojulikana kuliko wote.

Ilikuwa hivi. Familia ilipokimbia Fizi, kule Kongo, mwaka wa 1996, mumewe Nehemiya aliugua njiani akafia kando ya mto Mutambala. Risasi zilikuwa zikilia nyuma yao. Watu walimfunika kwa majani wakaendelea na safari, Goretti mbele, na Pascaline, msichana mdogo wakati huo, akiburutwa kwa mkono. Nehemiya hakuchimbiwa shimo, hakuimbiwa, hakukaliwa matanga. Miaka ilipita, wakafika Nakivale, na pale kwenye mabanda ya mapokezi ya Kabazana, akisubiri kupewa kiwanja, Goretti akatunga wimbo. Hauna ngoma wala gitaa. Mmoja anauliza, "Nani analala kando ya maji?" Kisha analitaja jina. Hapo kila aliyepo anasimama, wanawake wanavua vilemba, na wote wanaitika, "Lala, tulikuona."

Watu waliupenda, na kila palipokuwa na msiba walikuja kuuazima. Goretti hakumnyima mtu. Alikuwa na sharti moja tu: mara ya kwanza atajwe Nehemiya, mara ya pili ndipo mtaje marehemu wenu. Basi kwa miaka mingi hakuna mtu wa Kivu aliyezikwa Nakivale bila Nehemiya kuzikwa kwanza. Watoto waliozaliwa kambini, wasioujua Mutambala, walishamsimamia mara nyingi kuliko walivyowasimamia babu zao. Mguu wa mtu ulikuwa unasimama wenyewe jina likitajwa, akiwa amechoka, akiwa anasinzia, hata akiwa ana ugomvi na wafiwa. Grégoire alipoomba kuuchapa, Goretti alimkatalia. Alisema ameona yale makaratasi yanavyofanywa sokoni, na mume wake hatapakwa mafuta ya mandazi. Grégoire aliinamisha kichwa na hakuomba tena.

Mwaka wa 2009 Grégoire akaitwa kwenda Kanada, kweli safari hii, na wema wake ndio uliotuponza. Alimwachia Pascaline uandishi, na kwa kuwa Bonaventure alikuwa na suti na alijua kusalimia wakubwa, akamwachia yeye mambo ya nje. Ndege haijatua huko inakokwenda, mambo ya nje yakawa yameshakula mambo ya ndani. Bonaventure alihamisha ofisi kwenda Mbarara, ghorofani, juu ya duka la simu. Akachapisha kadi zinazomwita Mkurugenzi. Alinunua kiti kinachozunguka, na mtu akiingia anamkuta amegeukia dirishani akiwaza, ingawa Pascaline hakuwahi kuona matunda ya mawazo hayo.

Gazeti lenyewe likawa zuri kwa macho. Karatasi ya kung'aa, rangi, picha za wasanii wa Mbarara wakiegemea magari yasiyo yao. Ndani hakuna kitu. Msanii akimnunulia Bonaventure nyama choma, albamu yake ni nzuri. Akiongeza bia, ni nzuri sana. Pascaline aliwahi kukuta sifa zilezile, neno kwa neno, zimepewa mwimbaji wa injili, mcheza disko, na mtu mmoja aliyekuwa bado hajarekodi chochote. Wauza mandazi peke yao ndio waliolalamika wazi: karatasi ya kung'aa hainywi mafuta.

Kwa nini Pascaline hakuondoka? Kwa sababu ya safu yake. Ilikuwa ukurasa wa nyuma, imebanwa kati ya matangazo, na humo alikuwa bado anasema alichosikia. Aliandika kwamba kwaya fulani iliimba kama watu wanaosukuma gari, na kwaya ile ikafanya mazoezi mwezi mzima kwa hasira, ikaimba vizuri. Hiyo ndiyo faida ya gazeti, alisema. Bonaventure alimwachia kona hiyo kwa kuwa hakuwa akiisoma, na Pascaline alimdharau hata kwa hilo.

Kisha akaja Rwakabuba. Huyu alikuwa tajiri wa ng'ombe kutoka Endiinzi, mwenye maduka ya maziwa mjini, na kwa kuwa uchaguzi ulikuwa unakaribia alikuwa amegundua ghafla kwamba anapenda muziki. Alibeba gharama zote za uchapaji. Tangu hapo uso wake ukawa haukosekani: Rwakabuba na gitaa ameshika kichwa chini, Rwakabuba akipeana mkono na kwaya, Rwakabuba akisikiliza, mdomo wazi. Gazeti la muziki la ukanda mzima likageuka bango la mtu mmoja.

Mwaka wa 2014 Pascaline alikuwa dukani Mbarara akinunua sabuni, redio ikilia, na mkono wake ukakwama hewani. Ulikuwa wimbo wa mama yake. Umewekewa ngoma, umewekewa kinanda cha kuchezea kiuno, na anayeimba, akiwahi mbele ya mapigo yake kama kawaida, ni Bonaventure. "Nani analala kando ya maji?" anauliza, na kabla hujakaa sawa anajijibu, "Rwakabuba!" Mara ya pili, "Rwakabuba!" tena. Alikuwa ameiga wanamuziki wa nyumbani, wanaotupa majina ya matajiri ndani ya nyimbo ili matajiri wasikie na kufurahi. Nehemiya alikuwa ameondolewa kabisa. Mtangazaji akasema huo ni utunzi wa Mkurugenzi mwenyewe.

Goretti aliusikia kwenye redio ya jirani. Hakupiga kelele. Alimwita binti yake ndani, akamkalisha, akamwambia kwamba ngoma waendelee nazo, sifa wachukue, na Rwakabuba kama anapenda kulala kando ya maji, alale. Yeye anataka kitu kimoja.

"Barudishe jina ya baba yako," alisema kwa Kiswahili cha Kivu. "Ule wimbo ni kaburi yake. Hana ingine."

Pascaline alipanda ngazi za ofisi ile. Kiti kilizunguka taratibu, na Mkurugenzi akamkaribisha kwa Kifaransa ambacho hakikuhitajika. Pascaline alimweleza kwa heshima yote aliyoweza kuikusanya, nayo haikuwa nyingi. Alisema hawadai chochote, jina tu, mara ya kwanza, kama ilivyo sharti, na gazeti liandike wimbo ni wa nani. Bonaventure alisikiliza huku akisafisha kucha kwa ncha ya kalamu.

"Dada Pascaline," alisema, "Nehemiya ni nani? Basomaji betu habamujue."

Mtu aliyesimama kwa ajili ya Nehemiya katika kila msiba wa Kabazana, kilemba cha mkewe kikivuliwa pembeni yake! Uso mkavu kabisa. Pascaline alikuwa na maneno mengi ya kumjibu, lakini yote yalikuwa ya sokoni, akaona aibu kuyatumia mbele ya kadi za Mkurugenzi. Aliweka ufunguo wa ofisi mezani akashuka. Safu ya ukurasa wa nyuma ikachukuliwa na tangazo la mtindi.

Mwaka uliofuata ikatangazwa sherehe kubwa: Kitikio linaadhimisha historia yake, hotelini Mbarara, na toleo maalumu litatolewa humohumo ukumbini. Historia hiyo, kwa kadiri Pascaline alivyosikia, ilianza na Bonaventure kupata maono na ikaisha na Rwakabuba kuyawezesha. Grégoire alitajwa kama rafiki aliyesaidia kubeba mizigo. Na kilele cha siku ni Mkurugenzi kuimba wimbo wake, mbele ya wageni, kwaya za Nakivale zikiwa zimeletwa kwa malori kumshangilia.

Kwaya zilikwenda. Pascaline alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba wasiende, na wote walimwambia ana haki, kisha wakapiga pasi. Kutakuwa na pilau. Kutakuwa na picha. Na kila mmoja atapewa fulana. Alimuuliza kiongozi wa kwaya, Mzee Byamungu, mtu aliyezika watoto wake wawili kwa wimbo wa Goretti, kama haoni haya. Mzee Byamungu alisema anaona haya sana, akauliza kama Pascaline anajua saizi za fulana zitakazoletwa. Hapo Pascaline aliona Nakivale nzima haina mtu. Goretti alikataa kwenda, akasema atasubiri habari. Pascaline akaenda peke yake, na hotuba yake kichwani, ameipanga neno kwa neno: atasimama Bonaventure akimaliza, atamtaja Grégoire, atamtaja mama yake, atamtaja baba yake, mbele ya wakubwa wote, wamtoe nje wakitaka.

Ukumbi ulipambwa kwa puto. Mbele walikaa wageni wa Mbarara, wanaume wenye kofia, wanawake waliovaa vizuri wakinukia, na katikati yao Rwakabuba na mkewe kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe. Nyuma, kwaya za Nakivale, wote ndani ya fulana mpya. Pascaline alipoziona zile fulana aliketi ghafla. Kila kifua kilikuwa na uso wa Rwakabuba, mkubwa, unatabasamu. Kwetu Kongo, uso wa mtu ukichapwa kwenye fulana za watu wengi namna ile, mwenye uso anakuwa yuko kwenye sanduku mbele yao. Bonaventure alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, lakini kichwa kikishavimba kinasahau hata kilikotoka.

Mshereheshaji alikuwa Mbabazi, sajini mstaafu wa Makenke, aliyechaguliwa kwa sababu Kiswahili chake cha jeshi kilieleweka na pande zote mbili. Alituamuru tupige makofi, tukapiga. Hotuba zilikuwa ndefu na za uongo. Mwisho Bonaventure akapanda jukwaani, suti nyeupe, akawaambia wageni kwamba wimbo huu alioteshwa usingizini. Santuri ikawekwa, ngoma zikaanza, wageni wakatikisa mabega kidogo. Watu wa nyuma nao walitikisa. Kwa ngoma zile ungeweza kujidanganya kwamba ni wimbo mwingine.

Umeme ukakatika.

Mtu mwenye akili angesubiri jenereta. Bonaventure aliona hiyo ni nafasi ya kuonyesha sauti. Alisogea ukingoni mwa jukwaa, akafumba macho, akaendelea bila ngoma, bila kinanda, polepole, kavu, jinsi unavyoimbwa kwenye matanga. Mwanga wa mchana uliingia kwa madirisha ya pembeni tu. Ukumbi ukanyamaza, na nyuma Pascaline akasikia watu wakiacha kutafuna.

"Nani analala kando ya maji?" aliuliza Bonaventure. "Rwakabuba."

Viti vilikwaruza sakafu. Hakuna aliyepanga, hakuna aliyemkonyeza mwenzake. Miguu ilisimama yenyewe. Safu zote za nyuma zilisimama kwa pamoja, wanawake wakavua vilemba, na Pascaline akajikuta naye amesimama, kilemba mkononi. "Lala," waliitika, sauti nne, zikiwa zimepangika vizuri kuliko siku yoyote ile, "tulikuona." Bonaventure alifumbua macho. Angeweza kunyamaza. Lakini wimbo ule ukishaanza una njia yake, naye alikuwa ameipita mara nyingi mno, akauliza mara ya pili na mdomo wake ukajibu, "Rwakabuba." Safari hii waliitika kwa nguvu zaidi, na mama mmoja wa Juru, mtaa mwingine wa kambi, aliyekuwa amezika mwanawe juzijuzi, akaangua kilio. Kilio hakikai peke yake. Wengine wakamfuata, na nyuso za Rwakabuba zikawa zinatabasamu juu ya vifua vinavyotetemeka.

Wageni waligeuka kwenye viti vyao. Mbabazi alishika kipaza sauti kisicho na umeme akaita kwa sauti yake ya gwaride, "Nyinyi watu, nani alikufa hapa?"

Mzee Byamungu, mtu wa adabu, akamwonyesha kwa kiganja kilichofunguliwa mahali Rwakabuba alipoketi.

"Mimi niko hapa," alisema Rwakabuba, akiinuka. "Mimi hapana kufa."

Hapo ndipo Pascaline angetoa hotuba yake. Iliyeyuka yote. Badala yake alihisi kitu kitamu kikimpanda kifuani, dharau ya miaka yote ile imepata pa kutokea. Alipita katikati ya viti, kilemba mkononi, macho chini, akafika kwa mke wa Rwakabuba, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa, akamshika mikono yote miwili. Alimpa pole. Alimwambia wamemzika vizuri, asiwe na wasiwasi. Nyuma yake mama wa Juru akaja, na nyuma ya huyo wengine, mstari mzima, kila mmoja akipeana mkono na mjane na kwenda pembeni, kwa kuwa watu wakishasimama kwa wimbo ule hawajui kuketi bila kutoa pole. Mke wa Rwakabuba alianza kulia kweli. Mume wake aliyekuwa akipiga kelele kwamba yu hai hakusikilizwa na mtu, maana wafiwa nao huwa wanasema mengi.

Gazeti lilikufa siku ileile. Mzee wa Endiinzi akiimbiwa matanga angali anapumua, hacheki, na Rwakabuba hakucheka. Hakutaka tena kusikia habari ya muziki wala ya Bonaventure. Kiti kinachozunguka kilionekana baadaye kwa kinyozi mmoja wa Kakoba, mjini Mbarara, na toleo maalumu la historia lilirudi Kabazana kwenye malori pamoja na kwaya. Wauza mandazi walilipokea shingo upande, kwa kuwa ilikuwa ileile karatasi isiyonywa mafuta.

Kesho yake asubuhi uani kwa Goretti hapakuwa na nafasi. Majirani walikuwa wamejaa, na Pascaline alikuwa katikati akiwaigizia. Alimwigiza Bonaventure alivyofumba macho, alimwigiza Mbabazi na kipaza sauti chake, na alipofika pa "Mimi hapana kufa" wanawake walianguka wakishikana mabega, Mzee Byamungu akajifuta machozi kwa fulana. Pascaline hakuwahi kuwa na furaha namna ile. Aliwachapa wote kwa maneno: Mkurugenzi, tajiri, wageni wenye manukato, hata kwaya zenyewe na pilau lao, na kwaya zenyewe zikacheka.

Goretti alikuwa ameketi kwenye mkeka, ungo wa maharage mapajani, akichambua. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, wala hakukasirika. Kelele zilipopungua aliuliza swali lake bila kuinua macho.

"Mara ya kwanza balitaja nani?"

"Rwakabuba, Mama. Nilishakuambia."

"Na mara ya pili?"

"Rwakabuba tena."

"Na wewe ulisimama."

Hotuba ile yote ilimrudia Pascaline sasa, neno kwa neno, na jina la baba yake lilikuwa mwishoni mwake, mahali alipoliweka ili lisisahaulike. Alikuwa amesimama. Aliitika, tena kwa sauti ya juu, mara zote mbili. Alikuwa na ukumbi mzima umenyamaza mbele yake, watu wake wamevua vilemba, wanalia, wanasubiri, na yeye akaenda kumcheka mke wa mtu.

"Muliacha baba yako njiani," alisema Goretti. "Tena na watu bote bale."

Mzee Byamungu alijikunja kwenye fulana yake kana kwamba angeweza kuuficha ule uso, kisha akaaga, na wengine wakaondoka nyuma yake mmojammoja. Pascaline alikaa kwenye mkeka, akauvuta ungo, akaanza kuchambua. Alikuwa anatupa mazima na kubakiza mabovu. Mama yake alimwacha aendelee kwa muda, kisha akauchukua ungo akaanza upya.